Juu Hakuna Mota

Khaemba aliniomba sindano namba kumi na sita,
ile ya kushonea jinzi.
Nikadhani suruali imempasuka.
Kumbe anataka kupima panga:
alilitoboa katikati, akalilaza juu ya ncha,
akapiga magoti mbele ya cherehani yangu
kama mtu anayesubiri kuombewa.
Upande wa kushoto ukainama.
Akapiga msasa, akapuliza vumbi.
Ukainama wa kulia.
Siku nne tulikula ugali wenye unga wa mbao.

"Si helikopta," alitusahihisha, mimi na wateja wangu wote.
"Helikopta hulilazimisha panga lake.
Hii, juu hakuna mota.
Mota iko puani, inavuta mbele tu;
panga linazungushwa na upepo unaopita."
Mama Nafula, aliyeleta sare ya mtoto ipandishwe pindo,
akauliza: na upepo ukikataa?
"Haukatai, Mama. Sisi ndio huwa tumeinama vibaya."

Mwili ni bango la kampeni, plastiki ngumu yenye mifereji,
la mheshimiwa aliyeshindwa.
Alikatwa kwa wembe. Sikio likawa usukani,
tabasamu likabaki ubavuni, meno yote.
Magurudumu ni soli za ndara, moja buluu, moja kijani.
Mhimili ni spoki ya baiskeli ya baba,
aliyoiendea zamu kiwandani
kabla dohani za Webuye hazijanyamaza.
Betri na rimoti tu ndivyo vilivyonunuliwa.
Bei sijaambiwa mpaka leo,
ila rafuni nauona mraba usio na vumbi
pale palipokaa redio.

Jumamosi ya kwanza, uwanja wa shule chini ya Chetambe,
ilikimbia kama kuku, ikapinduka.
Jumamosi ya pili ikapindukia upande uleule,
na watoto walikwisha jua wimbo wake:
moja, mbili, pu!
Mapanga mapya. Msasa. Sindano yangu.
Akaulaza mlingoti nyuma, upana wa kidole,
kama mtu anayeinua uso kutazama kama itanyesha.

Jumamosi ya tatu akanipa kazi.
Nisimame nimeiinua juu ya kichwa, uso kwenye upepo.
Usiitupe, akasema. Ngoja.
Nikangoja. Mabega yakauma.
Upepo ukateremka kilimani ukinuka miwa iliyochomwa,
na panga likaanza, kwa uvivu,
fyu,
      fyu,
kisha sikuona panga tena, niliona duara,
na viganja vyangu vikawa vyepesi.
Niliachia. Sikumbuki kuachia.

Ikapanda juu ya mikaratusi,
mheshimiwa akitutabasamia kila ikikata kona,
na watoto wakampungia mikono,
safari hii bila kulipwa.

Halafu mngurumo ukakatika.
"Betri," Khaemba akasema, sauti ndogo kama ya mgonjwa.
Nikafumba macho. Nikafumbua moja.

Haikudondoka.
Ilikuwa inashuka, taratibu, karibu wima,
panga likizunguka kwa upepo uliotoka chini,
upepo wa kuanguka kwake yenyewe.
Kadiri ilivyoanguka ndivyo lilivyozunguka,
kadiri lilivyozunguka ndivyo ilivyochelewa kuanguka.
Hakuna aliyehesabu moja, mbili.
Ikatua kwenye maharagwe ya mwalimu Mukhwana,
ikaegemea kijiti,
na duara likarudi kuwa ubao.

Khaemba hakuikimbilia.
Alibaki amesimama na rimoti, kidole gumba kikisukuma,
akikiongoza kitu kilichokwisha kutua.
Mimi ndiye niliyeruka mtaro,
nikachutama kwenye maharagwe, nikaigusa ile spoki.
Ilikuwa na joto.

Leo Jumanne. Jinzi tatu za watu zimelala mezani.
Sindano hajarudisha.