Mikono ya Arubaini

Nina mikono miwili, na nusu ya mtaa imo ndani yake.
Nikipita uchochoro wa Mkomani, bega ukutani kumpisha punda,
naijua migongo ya wanaonisalimu:
huyu nilimkanda kwa maji ya mwarobaini siku ya tatu,
yule nilimfunga tumbo kwa kanga yake ya harusi
akalia, wala si kwa maumivu.
Alilia nilipofika nyongani, mahali palipokosa mkono
tangu mume ahamie chumba cha nje.
Sikumuuliza. Mkono hauulizi.
Nikaongeza mafuta ya simsim, nikazungusha, nikazungusha,
mpaka pumzi ikarudi kwao.

Wananiita fundi. Ninachojua ni kidogo:
mtoto asiyenyamaza, mvue, mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi.
Mwana wa Shufaa alizaliwa wa miezi saba, anajaa kiganjani.
Hospitali wakasema abebwe kifuani usiku na mchana.
Mama alipochoka, akaja baba, Lali Famau, seremala wa milango,
vidole vimejaa makovu ya patasi.
Alifungua vifungo vya shati mbele yangu kwa haya,
nikamwekea mwanawe pale penye vumbi la mbambakofi.
Moyo mdogo ulikuwa ukienda mbio kama cherehani.
Ukausikia moyo mkubwa.
Ukafuata.

Hayo nayajua.
Lakini tangu Bwana Skanda azikwe, mwaka wa sita huu,
hebu nihesabu walionigusa mimi:
mjukuu, Idi mbili kwa mwaka, ncha za vidole, macho kwenye simu;
muuza samaki, akinirudishia chenji;
punda wa Athmani, mara moja, kwa bahati mbaya.
Basi.

Nikaanza kuumwa kichwa.
Usiku masikio yanavuma kama jenereta ya jirani.
Nikaenda kupimwa presha.
Muuguzi, binti wa Kipokomo, jina limeshonwa kwenye sare: Jillo,
alinivika kile kitambaa kinachobana,
akasoma, akanyamaza.
"Bibi, imepanda sana."
Kisha hakuondoka. Foleni imefika mlangoni, naye amekaa,
ameushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili,
anakisugua kidole gumba, kile kilichopindwa na migongo ya watu.
"Huu umefanya kazi," akasema.
Mimi niliyewaambia wanawake wangapi, lieni tu, mafuta hayajali,
nikatazama ukutani. Bango la chanjo ya polio.
Nikalisoma lote. Mara mbili.
Alipopima tena ilikuwa imeshuka, si sana.
Akanipa vidonge. Navimeza, sikatai.
Ila havina joto.

Juzi niliitwa Langoni kwa mzazi, Barke, siku ya tisa.
Nikamkanda, nikamfunga, nikamkogesha mtoto,
nikaosha bakuli, nikalifunika.
Halafu nikabaki nimekaa pale kwenye mkeka.
"Umesahau kitu, Bibi?"
Nikavua buibui. Nikampa mgongo.
Sauti ikatoka ngeni, kama ya mtu anayekuja kukopa:
"Mafuta yamebaki kidogo. Hapa chini ya shingo. Dakika moja tu."

Kimya. Mtoto akapiga chafya.
Kisha mkono ukatua.
Haukuijua kazi hata kidogo, mzito upande mmoja,
mafuta yakachuruzika mpaka kwenye gauni langu jema.
Nikamwelekeza: yuu. Kushoto. Teremka.
Hapo.
Hapo, mwanangu. Usiuondoe.