Saa Mbili za Jumamosi

Amri ilisema: mama aonane na watoto
kila Jumamosi, saa mbili.
Nikatoka Katumba gizani, mvua ikinisindikiza,
nikafika ofisi ya Ustawi, Tukuyu,
mlinzi hajakunja hata blanketi.
Kumbe saa mbili si wakati, ni urefu.
"Wataletwa saa nne," akasema dada Anyelwisye,
"na saa sita wanarudi kwa bibi yao."
Nikakaa na kapu mapajani, mbalaga ikipoa.

Siku ya shauri hakimu aliniuliza,
kwa upole, sitamsingizia:
"Kwa nini uliondoka ukawaacha watoto?"
Mheshimiwa, nilikuwa na mikono miwili,
na mmoja ulikuwa umevunjika.
Karani akaandika: Mwombaji alitoroka nyumba.
Niliitazama kalamu yake. Haikukwama popote.

Ilichukua masika mawili, PF3 iliyofifia wino,
na jirani, mama Lusajo, aliyesimama kizimbani akasema:
"Nilisikia. Kila mara nilisikia.
Nikaongeza sauti ya redio."
Huyo ndiye aliyenirudishia wanangu, huyo wa redio.
Bado sijui nimsalimie vipi sokoni.

Saa nne na dakika saba, mlango.
Tumpe amerefuka, sweta la shule linamwishia viwikoni.
Akapiga goti: "Shikamoo."
Shikamoo, kama kwa mgeni wa bibi.
Nikasema marahaba, ikapita kooni kama mwiba wa samaki.
Gwakisa nyuma ya dada yake,
miaka minne, nusu yake sikuwepo.
Ukosi wake umejikunja. Nikainua mkono niutengeneze
na yeye akafunika kichwa.

Mkono ukabaki hewani.
Mkono huu huu, ulioungana vibaya,
ambao haufukuzi hata nzi.
Nikaushusha. Nikaulaza mezani, kiganja juu,
nikauacha hapo.
Dada Anyelwisye akaandika kitu. Sikuuliza.

Tumpe akala. Akalitazama pengo langu,
mdomo umejaa: "Jino uliliokota?"
Hapana, mwanangu.
"Mimi ninalo. Kwenye mkebe wa hesabu.
Bibi hajui."

Saa sita kasorobo Gwakisa akamaliza ndizi yake mbivu,
akatafuta pa kutupa ganda,
akaangalia sakafu, akaangalia dirisha,
akaliweka kiganjani mwangu.

Sijalitupa. Limo mfukoni mwa koti, jeusi.
Leo Alhamisi, limeanza kunuka.
Zimebaki siku mbili.