Mkalimani wa Winam

Malipo ya mpunga wa Ahero, wakulima elfu nne na ushei,
nilikuwa nayaanzisha baada ya chakula cha jioni,
na jogoo wa jirani pale Manyatta
ananikuta bado nasubiri.

Masibo akasema: tatizo ni lugha yako.
Lugha ya kufasiriwa ni kama mahubiri ya mgeni:
sentensi, kituo, mkalimani, kituo,
hata amina inasemwa mara mbili.
Andika upya kwa lugha ya kompaila,
itafsiri mara moja kama kitabu, kisha iache ikimbie.

Nikamwamini. Wiki tatu
nikipigana na viashiria na nuktamkato,
tokeni za stima nikizinunua kwa pesa ya unga.
Usiku wa kwanza nikakaanga omena kwa imani kubwa.
Jogoo akawika.
Nilikuwa nimeokoa dakika kumi na moja.

Sasa, baba yangu Ogweno alikuwa mkalimani
katika mahakama ya Winam, miaka ishirini na sita,
na kesi ikichelewa macho yote kwake,
kwa kuwa ndiye aliyesikika.
Siku moja alichoka. Akaazima saa ya kiongozi wa mashtaka,
akaandika nyuma ya bahasha:
Maneno yangu, dakika nane.
Karani kwenda masijala kufuata jalada, dakika arobaini.
Karudi na jalada la mwingine. Kaenda tena.

Bahasha hiyo ninayo. Nilikuwa nimeiwekea kikombe.

Nikaweka saa kwenye kila kazi.
Katika ile mpya majina hayakuonekana;
kompaila ilikuwa imeyameza, kazi ndani ya kazi,
paka na samaki, haukubaki hata mwiba.
Nikairudia ile ya zamani, isiyojua kuficha.
Mstari wa mia mbili na tatu, mkono wangu mwenyewe,
niliouandika nikisinzia:
kwa kila mkulima, fungua daftari la mizani,
lisome lote tangu gunia la kwanza,
lifunge.

Nikalitoa nje ya kitanzi, nikalifungua mara moja.
Maji ya chai hayajachemka, malipo yametoka.

Kimebaki kitanzi kimoja kinachokokota,
kile cha makato ya mbolea.
Hicho kweli ni cha mkalimani. Nimekipima.
Masibo anaweza kukichukua.