Daftari la Ndege, Matamba

Saa kumi na mbili kasorobo. Ukungu haujaamka,
umelalia matuta ya viazi kama ng'ombe aliyegoma.
Darubini yangu ina jicho moja zima;
la kushoto lina ufa, kila ndege humfanya wawili,
basi nimejifunza kulifumba
nisije nikahesabu uongo.

Nikiwa na miaka saba kazi yangu ilikuwa kuwinga.
Kombeo mkononi, debe bovu kiunoni,
kutwa nikipiga kelele kwenye ngano ya baba
hata koo likaota kutu.
Ndege akishuka, na kofi linashuka.
Sikujua majina yao. Mwizi haulizwi jina.

Leo nayaandika, kwenye daftari la Enosi
aliloliacha nusu alipokwenda sekondari,
nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Chiriku ukingoni mwa pareto: saba mara mbili.
Kwale na vifaranga, hawatulii. Andika "wengi".
Korongo wawili bondeni, wanatembea
kama wakaguzi waliotumwa na wilaya.
Fumbwe dume na mkia wake,
anauburuta hewani kama mbuzi aliyekata kamba.
Kunguru simwandiki. Anajiandika mwenyewe.

Obeti Mbilinyi, tuliyepakana naye,
huniuliza kila Jumamosi:
"Mama Enosi, hao ukishawahesabu, wanauzwa wapi?"
Yeye amelima hadi mdomoni mwa mto,
amepuliza dawa mpaka inzi wamehama bila kuaga.
Viazi vyake ni vikubwa. Sisemi uongo.
Mwaka huu ni vikubwa.
Ila ukurasa wa upande wake ni mweupe,
na kimya chake nakisikia hadi huku,
redio iliyoishiwa betri.

Sasa, shimo.
Liko katikati ya nyasi tulizoziacha, mwaka wa tatu huu, ardhi ipumzike.
Muhanga alilichimba usiku mmoja akitafuta mchwa,
akaenda zake kama fundi asiyedai.
Ndama wetu alivunjikia mguu humo.
Mume wangu akaja na toroli la udongo, na haki alikuwa nayo.
Nikasimama mbele ya toroli. Hoja sikuwa nayo.
Nilikuwa na kitu nilichokiona jana yake,
kidogo, cheusi, kikiingia ardhini
kama neno linalorudi mdomoni.
Tulizungushia fito na miba.
Tulinuniana siku mbili.

Nimelala kifudifudi. Umande umepenya kitenge, umepenya sweta.
Anatoka.
Mbayuwayu. Si mweusi, kivuli kilinidanganya:
ni buluu, ile ya wino wa chupa,
mkia nyuzi mbili.
Anapita chini mno, nasikia bawa likikata baridi,
anavuka mpaka, anaingia kwa Obeti,
anageuka. Hakuna cha kuokota huko.

Na mkono wangu wa kulia, wenyewe,
umejikunja kutafuta kombeo.
Miaka arobaini, mkono haujasahau.

Naupa kalamu. Wino umeganda.
Naipasha kwapani, naandika: mbayuwayu, mmoja.
Kisha nafuta, naandika wawili,
maana mle shimoni, ndani kabisa,
kuna anayejibu,
na darubini nilikwisha kuiweka chini.