Daftari la Upepo

Saa nane na nusu usiku, uwanja mdogo wa ndege, Malindi.
Bwanaheri ameshika shingo ya puto kama kuku wa mgeni,
mimi nafunga kisanduku: betri, uzi, kipimo cha unyevu.
(Jina langu ni Nyevu. Mzaha huo ulishachuja.)
Tunaachia.
Kusi inalibeba upande wa Marafa,
giza linalimeza,
nasi tunarudi kwenye skrini.

Husemwa upepo ni mtu huru.
Upepo ni mdaiwa.
Ardhi hii inakimbia kwenda mashariki
mita mia nne sitini na kitu kila sekunde,
na sisi juu yake, na vitanda, na msikiti, na kituo cha mafuta,
wala chai haimwagiki kikombeni.
Kusi huja imechelewa. Kaskazi, zamu yake ikifika,
huja imechelewa vilevile:
zote mbili hutokea upande wa macheo,
zikiburura nyayo majini na mchangani,
na kwa kila mburuzo ardhi huziambia: haya,
chukueni kidogo katika mbio zangu,
mtalipa.

Haidai rehani.

Ningeishia hapo, kama si Tsuma, ndugu yangu.
Idd moja, kwenye bembea ya duara, yeye na wenzake kumi
waliacha viti vya ukingoni
wakatambaa kwenye vyuma hadi kwenye mlingoti wa katikati,
na bembea ikashikwa na wazimu.
Dama aliacha jino pale.
"Hakuna aliyeisukuma!" aliapa mwenye bembea,
na kweli hakuna.
Waliingia ndani na mwendo wao wa nje, basi.

Sasa tazama: kilomita ya kumi na tatu,
puto limegeuka.
Linarudi juu ya vichwa vyetu, linaelekea kusini.
Chini hewa inakwenda, juu hewa inarudi,
na hiyo ya juu imepandia mawinguni, kule kwenye mvua,
imebeba tulichoikopesha sisi na wenzetu wa ng'ambo ya mstari.
Kila inapoiacha ikweta inausogelea mlingoti wa dunia,
duara lake linapungua,
mbio zinazidi.
Mwingine humwagika njiani, dhoruba zikaugombania.
Unaobaki hufika juu ya Durban ukikimbia kama ndege,
na huko kusini zaidi, chini ya Rasi,
pepo za magharibi huipiga bahari makofi
zikilipa, zikilipa,
deni lililoandikwa Malindi.

Tsuma alikopa kwa Awadhi
magunia mawili ya unga, nauli, simu ya mkononi,
mdhamini mimi.
Yuko Cape Town, anaezeka nyumba za watu.
"Dada, huku upepo unang'oa mabati," aliniambia,
"kazi haikauki."
Nilicheka peke yangu, nikashindwa kumweleza
ni wa nani upepo ule.
Amemlipia mtoto wa jirani yake ada ya shule.
Hapa hajatuma senti.

Nilijaribu kumfafanulia Awadhi, daftari likiwa wazi kaunta:
kwamba dunia ni mwili mmoja,
kinachotoka huku hurudi kule, hesabu ikafungwa.
Alilamba kidole, akafunua ukurasa.
"Upepo wako, Nyevu, unalipa kwa shilingi?"

Bwanaheri anamimina chai. Anasema
hewa ikishika mwendo mwingi kupita kawaida
dunia hupunguza mbio kidogo,
na siku hurefuka, sehemu ya elfu ya sekunde, au hata hiyo haifiki,
kisha hufupika, hewa ikirudisha.
Simjibu. Nasikiliza mlio wa kisanduku,
ti, ti, ti,
hadi saa kumi na dakika tano, unapokatika.
Puto limepasuka mahali ambapo hakuna wa kulisikia.

Naandika: urefu, joto, upande, kasi.
Safu ya maoni naiacha tupu.
Kukipambazuka nitapita kwa Awadhi na mia mbili.
Siku imerefuka, sikatai,
ila haijarefuka kiasi cha kunifikisha mwisho wa mwezi.