Nani Atapokea

Saa tisa usiku. Mji wa Butte umezikwa na theluji,
nami na visikizi vyangu, skrini tatu,
chai iliyopoa tangu zamu ilipoanza.
"Dharura. Uko wapi?" Ndivyo ninavyoanza,
kabla ya jina, kabla ya nini, kabla ya pole.
Mtu akiungua husahau hata jina lake;
nikijua alipo, gari litamfikia.

Kati ya simu na simu nazifungua barua.
Vyuo viwili vimenikubali, shahada ya mawasiliano,
mwaka wa tatu, mwanafunzi wa kuhamia.
Miaka sita nimesoma kwa viraka:
somo la jioni, somo la Jumamosi,
takwimu nikiwa na mimba ya Eino,
nikitapika kati ya mlinganyo na mlinganyo.
Krediti sitini. Nimezihesabu
kama kuni za Januari.

Chuo kikubwa kinazipokea zote,
hata ile ya mpira wa wavu.
Kina studio ya kioo, kamera zenye shingo za korongo.
Miaka miwili, umemaliza.
Chuo kidogo, ng'ambo ya kilele, maili sitini na tano,
kinazitambua arobaini na nne.
Redio yake hukatika ukishavuka daraja la pili.
Na somo langu la Kuzungumza Mbele ya Hadhara
wameliandika "la hiari".
La hiari! Mimi niliyemwelekeza mvulana wa miaka tisa
amlaze mama yake kiubavu, ahesabu pumzi kwa sauti,
mpaka taa nyekundu zikakata kona ya mtaa wao.

Dada yangu Signe hana shaka:
"Chukua kikubwa. Shahada haiulizwi
ilipikwa kwenye jiko gani."

Ijumaa nikavipigia.
Kikubwa: bonyeza moja, bonyeza nne, kinanda,
kisha msichana akanisomea nilichokwisha kusoma,
mbio mbio, kama anayekimbia mvua,
akamalizia, "Asante kwa kutuchagua."
Sijachagua.

Kidogo kiliita mara kumi na moja.
Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.
Akapokea mtu anahema:
"Niwie radhi, nilikuwa juu ya ngazi, nabadilisha taa."
Mwalimu Dusek. Karani amestaafu, hawajaajiri mwingine.
Akaniuliza, "Unapiga kutoka wapi?"
Kisha akanyamaza.
Si kimya cha laini mbovu, kile nakijua.
Kimya cha mtu aliyevuta kiti.

Basi nikasema nisichokuwa nimekipanga:
yule bibi wa Novemba, sauti yake kama karatasi,
alisema "mlango" mara mbili, simu ikakatika.
Gari lilitumwa. Hakuna aliyerudi kunieleza.
Nataka kujua maneno huenda wapi
nikishayaachia.
Hakusema pole.
Alisema, "Somo hilo hatuna."
Nikasikia kalamu. "Tulianzie wapi?"
Kuhusu zile krediti kumi na sita hakunidanganya:
zimepotea.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha:
muhula wa ziada, petroli, barabara inayofungwa
kila upepo unapokasirika, Eino kwa jirani.
Na idara isiyo na karani
ni idara iliyokwisha kupimiwa sanda;
mimi si mtoto, naona.
Signe anacheka: "Kwa sababu ya mtu na ngazi?"

Humu kwetu, kuhamisha simu kuna sheria moja.
Usimwachie mpigaji
mpaka usikie, upande wa pili, kuna aliyepokea.

Nimesikia.
Fomu iko wazi, kidole juu ya kitufe,
na taa ya laini ya tatu inaanza kuwaka.
Chuo kitangoja.
"Dharura. Uko wapi?"