Sala Mbili, Bati Moja

Kisiwani Bonaire upepo hauna likizo.
Unatoka mashariki Januari, unatoka mashariki Julai,
umeilaza miti ya divi-divi yote upande mmoja
kama watu wanaochungulia meli iliyokwisha ondoka.
Mama alianika nguo bila vibanio mara moja tu.
Shimizi yake ilionekana kwa Nochi, kwenye ua wa dungusi,
na Nochi hakuirudisha siku ile ile.

Baba yangu, Wincho, alikuwa mtu wa chumvi,
akilipwa kwa kile jua linachokiacha nyuma.
Mama yangu, Eudosia, alikuwa mtu wa mtama
na mbuzi kumi na mmoja wenye mbavu za kuhesabika.
Basi tukalala nyumba yenye sala mbili.
“Bwana, ilete,” alinong’ona mama, kageukia ukuta.
“Bwana, ngoja kidogo,” alinong’ona baba, kageukia mlango.
Mimi katikati, miaka minane,
niliitikia amina zote mbili
nikalala na hofu ya mwongo.

Birika la uani lilikuwa na ngazi ya vidato kumi na viwili.
Kalenda yetu ilikuwa ile.
Februari, vidato vinne vikavu. Mei, saba.
Agosti ndoo iligonga sakafu
kwa sauti ya mtu aliyekumbushwa deni.
Maji yaliyoosha uso yaliosha miguu,
yaliyoosha miguu yaliosha sakafu,
kisha yakamwagiwa mdimu nyuma ya jiko.
Mdimu ule ulikunywa sabuni mwaka mzima
na ulizaa, sijui kwa ukaidi gani.

Septemba upepo ukakata.
Moshi wa jiko ukasimama wima;
hatukuwahi kujua kuwa ni mrefu hivyo.
Bahari ikaanza kuja kutoka magharibi,
upande ambao haikupewa ruhusa,
na redio ikataja kimbunga chenye jina la mwanamke,
mbali kaskazini,
kinapita na mvua ya watu wengine.
Punda wakalamba ukuta wa birika.
Heroe wakaondoka mabwawani usiku, bila kuaga.

Kisha Oktoba, Jumanne, wingu.
Si la kupita. Lilikaa juu ya kilima cha Brandaris
kama mgeni anayevua viatu.
Bwawani kulikuwa na chumvi ya wiki tisa,
imeiva, nyeupe, haijakusanywa hata robo,
na baba alikuwa ametoka na reki tangu alfajiri.
Mama aliliangalia wingu. Aliuangalia mtama wake.
Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua toroli la Nochi,
akaniambia:
“Likianza, acha bati lioge kwanza, lina vumbi la mwaka.
Hesabu mpaka mia tano, ndipo uligeuze bomba kwenye birika.”
Akaenda mabwawani.

Waliokuwepo husimulia mpaka leo:
Eudosia wa mtama, magoti ndani ya maji ya waridi,
anakokota chumvi kwa koleo, anatukana kwa Kipapiamentu,
huku mvua aliyoiomba ikimpiga mgongoni.

Nami nyumbani nilihesabu.
Mwanzo vizuri. Moja. Mbili. Tatu.
Lakini bati lilipiga kelele, maji yakamwagika ardhini bure,
maji, ardhini, bure!
Mia na arobaini, nikaligeuza bomba.

Walirudi usiku, toroli moja na nusu ndiyo iliyookolewa.
Zilizobaki zilirudi zilikotoka.
Hakuna aliyesema neno.
Baba alichota kikombe birikani, akanywa,
akakiangalia kikombe, akanywa tena.
Upepo ulikuwa umelipaka bati letu bahari kwa miezi kumi,
na mimi nilikuwa nimeitia yote ndani.
“Onja,” akamwambia mama.
Mama akaonja. Akaniangalia.
“Umehesabu mpaka ngapi?”
“Mia tano,” nikasema.

Baba ndiye aliyeanza kucheka.
Tulikunywa chai ya chumvi hadi Februari.